Jacques Cousteau: Maisha ya Mzamiaji na Habari Isiyo na Isnadi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kuna habari moja ambayo haichoki kurudi katika mihadhara yetu na katika makundi yetu ya simu. Inasema kwamba Mfaransa Jacques Cousteau, mzamiaji mashuhuri kuliko wote, alikuta mahali ambapo bahari mbili zinakutana bila kuchanganyika, akasomewa aya za Suratur Rahman, akasilimu. Wanaoisimulia hutaja jina lake na kuishia hapo. Ukiwauliza mtu huyo alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alikufa lini na alizikwa vipi, wengi hawana jibu.

Mimi nasomea masomo ya Kiislamu, na mojawapo ya mambo ya mwanzo tunayofundishwa katika elimu ya hadithi ni kumtazama mtu kabla ya kuipokea habari: ni nani, aliishi lini, alikutana na nani. Nimeona nimfanyie Cousteau hivyo hivyo. Yafuatayo ni maisha yake tangu kuzaliwa hadi kaburini. Ndani yake kuna kifaa kimoja ambacho ndicho urithi wake mkubwa, nacho ni regyuleta ya kuzamia. Nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaosomea uvuvi, viumbe vya majini na mazingira, ambao huenda siku moja wakalazimika kuichagua na kuivaa.

Mtoto dhaifu na ajali ya gari

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi ya ukatibu kwa matajiri wa Kimarekani, kwa hiyo familia ilihamahama sana. Mtoto mwenyewe hakuwa na afya nzuri. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi familia iliishi New York kwa muda, na katika kambi ya watoto huko Vermont alipewa kazi ya kuzamia ziwani na kuondoa matawi yaliyozama ili wenzake waogelee salama. Huko ndiko alikojifunza kubana pumzi chini ya maji. Kijana huyo pia alipenda mashine, na mapema sana alijinunulia kamera ya filamu.

Mwaka 1930 aliingia chuo cha jeshi la majini kule Brest. Ndoto yake haikuwa bahari hata kidogo. Alitaka kuwa rubani wa ndege za jeshi hilo. Mwaka 1936, akiwa anakaribia kumaliza mafunzo ya urubani, alipata ajali mbaya ya gari usiku, mikono yake ikavunjika, na njia ya urubani ikafungwa. Alipelekwa Toulon, bandari ya kijeshi kwenye pwani ya Mediterania, akawa anaogelea kila siku ili mikono irudishe nguvu. Hapo afisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea. Cousteau akatia uso majini, akaona ulimwengu ambao alikuwa akielea juu yake bila kuujua. Mtu aliyenyimwa anga akapewa bahari, na sisi tunaosoma kuhusu qadar hatuoni ajabu katika hilo.

Mwaka 1937 alimwoa Simone Melchior, binti wa familia ya mabaharia. Ndoa hiyo, kama tutakavyoona, ilimfungulia mlango wa kifaa chake.

Tatizo la pumzi

Mtoto anayeogelea ziwani hujiuliza kwa nini asitumie mrija mrefu, ncha moja mdomoni na nyingine juu ya maji, akatembea chini atakavyo. Jibu ni uzito wa maji. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa usawa wa bahari. Kipimo chake huitwa bari. Juu ya maji ni bari 1, kwenye mita 10 ni bari 2, kwenye mita 30 ni bari 4, kwenye mita 40 ni bari 5. Kifua cha binadamu hakina misuli ya kuvuta hewa ya juu huku maji yanakikandamiza namna hiyo. Hata kwenye mita moja tu kazi ni kubwa mno. Ili mtu apumue chini, hewa inayoingia mdomoni lazima iwe na mgandamizo ule ule wa maji yanayomzunguka, na lazima ibadilike kila anapoteremka au kupanda.

Watu walijaribu njia nyingi kabla ya Cousteau. Wazamiaji wa bandarini walivaa kofia ya shaba na kupelekewa hewa kwa bomba kutoka kwenye mashua, wakawa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Katika miaka ya 1860 Wafaransa wawili, Benoît Rouquayrol na Auguste Denayrouze, walitengeneza kifaa kilichotoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi, lakini mitungi ya zama zao haikuweza kubeba hewa ya kutosha. Baadaye afisa Yves Le Prieur alibeba mtungi mgongoni, ila hewa yake ilimwagika mfululizo, mtu avute asivute, na ikaisha upesi. Cousteau mwenyewe alijaribu kutumia oksijeni tupu. Mara mbili alishikwa na degedege majini na kunusurika kufa, kwa sababu oksijeni tupu huwa sumu kina kikiongezeka.

Gesi ya magari, Paris 1942

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Ufaransa ilikaliwa na Wajerumani na petroli ikawa adimu. Baba yake Simone alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya gesi ya Air Liquide. Kwa njia hiyo, mnamo Desemba 1942, Cousteau alikutanishwa jijini Paris na mhandisi wa kampuni hiyo, Émile Gagnan. Gagnan alikuwa ametengeneza valvu ndogo ya kuwezesha magari kutumia gesi badala ya petroli. Valvu hiyo ilitoa gesi kadiri injini inavyovuta, bila kupunguza wala kuzidisha. Mzamiaji alihitaji kitu hicho hicho, ila injini ni mapafu.

Yeyote aliyepika kwa mtungi wa gesi ameona ndugu mdogo wa kifaa hiki: kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi ili gesi iliyobanwa kwa nguvu ifike jikoni ikiwa pole. Regyuleta ya kuzamia hufanya hivyo na kuzidi. Ndani yake kuna utando wa mpira. Upande mmoja wa utando unaguswa na maji, upande wa pili kuna hewa ya kuvuta. Ukivuta pumzi, utando huingia ndani, husukuma kijiti, valvu hufunguka na hewa huja. Ukiacha kuvuta, hujifunga. Na kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayousukuma utando, hewa hutoka kwa mgandamizo wa mahali ulipo bila wewe kufanya lolote.

Januari 1943 walikijaribu kifaa chao katika mto Marne, nje ya Paris, maji yakiwa baridi kali. Cousteau akilala majini kama samaki, kilifanya kazi. Akisimama, hewa ilimwagika ovyo. Akigeuka kichwa chini, hewa karibu ikatike. Wangeweza kusema kimefaulu, maana kilifaulu katika hali moja. Badala yake walitafuta sababu. Waligundua kuwa tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na utando, na tofauti ndogo ya kina kati ya vitu hivyo viwili ilitosha kuvuruga kila kitu. Wakaliweka tundu karibu na utando, tatizo likaisha. Kiangazi cha mwaka huo huo, huko Bandol kwenye Mediterania, Cousteau aliingia baharini na mtungi mgongoni, Simone akimwangalia kutoka juu ya maji na rafiki yake Frédéric Dumas akisubiri ufukweni kumwokoa ikibidi. Aligeuka, akabinuka, akasimama kwa kichwa, na hewa haikubadilika. Kifaa kikapata jina la Aqua-Lung, yaani pafu la majini.

Naomba tusimsahau Gagnan. Dunia inamjua Cousteau kwa sababu alikuwa na sura ya sinema, lakini ujuzi wa valvu ulikuwa wa mhandisi huyu mnyamavu, ambaye baada ya vita alihamia Montreal, Kanada, akaendelea kubuni vifaa vya kuzamia hadi uzee.

Mita 120

Kifaa kilipopatikana, swali lilikuwa kinafika wapi. Oktoba 1943 Dumas aliteremka zaidi ya mita 60 kwa kamba yenye alama. Alirudi akiwa mzima, lakini alisimulia kwamba huko chini alijihisi kama mlevi. Ulikuwa ni ulevi wa nitrojeni: gesi hii, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, hulevya ubongo mgandamizo ukizidi.

Mwaka 1947 kikundi cha utafiti wa chini ya bahari cha jeshi la majini, ambacho Cousteau na Tailliez walikuwa miongoni mwa waasisi wake, kilitaka kujua mpaka wa mwisho. Maurice Fargues, mmoja wa wazamiaji wao wazoefu, aliteremka kwa kamba iliyofungwa vibao vya kutia saini kila hatua. Alituma ishara kwamba yu salama, kisha ishara zikakoma. Walipomvuta juu, kipande cha kupumulia kilikuwa kimemtoka mdomoni. Walihangaika naye kwa saa nyingi bila mafanikio. Saini yake ilikutwa kwenye kibao cha mita 120. Ndiye mtu wa kwanza kufa akitumia Aqua-Lung.

Tukio hili linafundisha jambo ambalo anayenunua regyuleta anapaswa kulielewa kabla ya kutoa hela. Fargues hakufa kwa sababu regyuleta ilivunjika. Kilichoshindwa ni mwili wa binadamu. Kifaa kinaweza kupeleka hewa mahali ambapo mtu hawezi tena kuitumia kwa akili timamu.

Regyuleta ya anayeanza

Regyuleta za leo ni za aina nyingine kidogo. Ile ya Cousteau na Gagnan ilikuwa na mabomba mawili na valvu ilikaa mgongoni, kwa hiyo wepesi wa pumzi ulibadilika kufuatana na mzamiaji alivyolala. Ya sasa ina hatua mbili. Hatua ya kwanza hufungwa kwenye mtungi na kuishusha hewa kutoka bari 200 hivi hadi kama bari 9 au 10 juu ya mgandamizo wa maji. Hatua ya pili iko mdomoni, nayo humalizia kazi. Bomba ni moja. Wazo la bomba moja lilifika sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia Ted Eldred wa Australia.

Mnunuzi mgeni huuliza kwanza inafika kina gani. Swali ni zuri, lakini tuone maana yake. Kwenye mita 30 hewa unayovuta ni nzito mara nne ya ile ya juu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa bari 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa mbili juu ya maji, saa moja kwenye mita 10, na nusu saa tu kwenye mita 30, na hapo hatujaweka akiba ambayo kila mzamiaji lazima aibakize. Regyuleta nayo lazima ipitishe hewa hiyo nzito mara nne bila kumlazimisha mtu kunyonya kwa nguvu. Huo ndio uwezo wa kina: si kwamba hewa inatoka, bali inatoka kwa urahisi kiasi gani.

Kwa bahati nzuri kuna kipimo. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 250 huipima regyuleta kwa mashine katika mgandamizo wa mita 50, mtungi ukiwa umebakia na bari 50 tu, mashine ikivuta lita 62.5 kwa dakika kama mtu anayehema kwa hofu au kazi nzito. Kazi ya kupumua haitakiwi kuzidi jouli 3 kwa kila lita. Sasa linganisha: cheti cha kwanza cha kuzamia kwa kawaida humruhusu mtu kufika mita 18, na mpaka wa uzamiaji wa kujifurahisha ni mita 40. Maana yake, hata regyuleta ya bei nafuu iliyopita kipimo hiki inamtosha anayeanza na kumzidi. Muuzaji anayemsifia mgeni kina kikubwa anamuuzia kitu asichokihitaji.

Tofauti kubwa kati ya ya bei nafuu na ya bei ghali iko katika hatua ya kwanza. Zile rahisi nyingi zina pistoni isiyosawazishwa. Ni imara, zina vipande vichache na huhudumiwa kwa urahisi, ila mtungi unapokaribia kuisha pumzi huwa nzito kidogo, hasa ukiwa chini sana. Zilizosawazishwa hutoa hewa ile ile, mtungi ukiwa umejaa au umekaribia kuisha. Kwa mtu wa mita 18 katika maji ya vuguvugu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa anayepanga kwenda mita 30 au 40 mara kwa mara, ni busara kuongeza fedha. Anayezamia maji ya chini ya nyuzi joto 10 anahitaji iliyotengenezwa kwa baridi, la sivyo inaweza kuganda na kumwaga hewa, lakini baridi hiyo haiko katika maziwa yetu makuu wala katika pwani ya Afrika Mashariki.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi: nani ataihudumia? Regyuleta inahitaji kufunguliwa na fundi aliyefunzwa, kwa kawaida kila mwaka au kama kitabu chake kinavyoelekeza, na vipuri vyake lazima vipatikane. Iliyo rahisi na yenye fundi karibu ni salama kuliko ya kifahari ambayo hakuna anayeijua. Iliyotumika usiitie mdomoni kabla fundi hajaifungua, hata kama aliyekuuzia ni rafiki yako. Maneno yake ni dai, na kipimo ndicho ushahidi.

Calypso, sifa na makosa

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1950 tajiri wa Kiingereza, Loel Guinness, alinunua meli iliyokuwa ya kutegua mabomu wakati wa vita na kumkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Meli hiyo ndiyo Calypso, na safari zake za mwanzo zilikuwa katika Bahari ya Shamu. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake na Dumas kuhusu ulimwengu wa kimya wa chini ya bahari, na filamu ya jina hilo, aliyoitengeneza na Louis Malle, ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956 kisha Oscar.

Anayeitazama filamu hiyo leo hushtuka. Ndani yake wazamiaji wanalipua miamba ya matumbawe kwa baruti ili kuhesabu samaki, na wanaua papa kwa hasira. Haya yalifanywa na mtu yule yule ambaye dunia inamkumbuka kama mtetezi wa bahari. Siyaandiki ili kumshushia hadhi. Nayaandika kwa sababu mtu wa kweli ana pande zote mbili, na kwa sababu Cousteau alibadilika. Mwaka 1960 alisimama mbele ya umma kupinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Mediterania, na mpango huo ukasitishwa. Alianzisha jumuiya ya kutetea bahari mwaka 1973. Uzeeni alikusanya saini za watu wengi kupinga uchimbaji wa madini Antaktika, na mwaka 1991 mataifa yalitia saini mkataba wa kuuzuia. Vipindi vyake vya televisheni, vilivyoanza mwaka 1968, viliwafanya watu wasiowahi kuona bahari waionee uchungu. Sisi tunaofundishwa kuwa mwanadamu ni khalifa katika ardhi tuna la kujifunza kwa mtu aliyeitazama kazi yake mwenyewe na kugeuka.

Mwaka 1963 alijenga nyumba chini ya maji kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi, baharini mwa Sudan. Watu watano waliishi humo mwezi mzima, kwenye kina cha mita 10 hivi. Filamu ya jaribio hilo ilimpa Oscar nyingine. Kwa hiyo alifanya kazi muda mrefu katika maji ya nchi za Waislamu.

Huzuni hazikumkosa. Tarehe 28 Juni 1979 mwanawe Philippe, aliyekuwa mwenzake wa kazi, alikufa katika ajali ya ndege ya majini kwenye mto Tagus, karibu na Lisbon. Simone, aliyeishi Calypso kuliko mtu yeyote, alifariki mwaka 1990. Mwaka uliofuata Cousteau alimwoa Francine Triplet, ambaye alikwisha kuzaa naye watoto wawili, na familia ikaingia katika mivutano. Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari bandarini Singapore, ikazama.

Cousteau alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 87. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Misa ya mazishi ilifanyika katika kanisa kuu la Notre-Dame, rais wa Ufaransa akihudhuria, kisha akazikwa katika kaburi la familia huko Saint-André-de-Cubzac alikozaliwa.

Habari yenyewe

Sasa tuipime habari ya kusilimu kwa mizani ya elimu yetu. Tukianza na isnadi, hakuna. Hakuna shahidi anayetajwa aliyemsikia akitamka shahada, hakuna msikiti, hakuna tarehe. Kila msimulizi amesikia kwa aliyesikia. Kinyume chake kuna ushahidi ulio wazi: mwaka 1991, yeye akiwa hai, taasisi yake ilikanusha kwa barua kwamba alisilimu, na miaka sita baadaye alizikwa kwa ibada ya Kikatoliki. Habari dhaifu inayopingana na habari thabiti, sote tunajua hukumu yake.

Tukija kwenye matini, nayo ina kasoro. Kwamba maji ya Mediterania na ya Atlantiki hukutana yakiwa matabaka si ugunduzi wa Cousteau. Maji ya Mediterania yana chumvi nyingi na ni mazito, kwa hiyo hutoka chini katika mlango wa Gibraltar, na ya Atlantiki huingia juu. Mikondo miwili ya namna hiyo ilikwisha kupimwa huko Bosporasi na Mtaliano Luigi Ferdinando Marsili mwishoni mwa karne ya 17. Na maji hayo huchanganyika, ila taratibu. Yale ya Mediterania huonekana yakiwa na chumvi yake mbali ndani ya Atlantiki, kwenye kina cha mita 1,000 hivi, yakizidi kupoteza sifa zake kadiri yanavyosonga. Wafasiri wetu nao hawakusubiri mzamiaji. Ibn Kathir, kwa mfano, katika aya ya 53 ya Suratul Furqan alikieleza kizuizi kuwa ni nchi kavu iliyo kati ya maji matamu na ya chumvi. Aya zilikuwa na maana kabla ya Aqua-Lung, na zitaendelea kuwa nayo.

Kuna ndugu watakaosema habari hii haina madhara, kwamba inawatia watu imani. Naona ina madhara matatu. Kwanza, inamsingizia maiti jambo ambalo hakulisema. Pili, inavunja amri: aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tuhakikishe habari tunazoletewa, na katika utangulizi wa Sahihi Muslim imo hadithi inayomwonya anayesimulia kila alisikialo. Tatu, inaidhuru daawa yenyewe. Mwanafunzi mwenzetu asiye Mwislamu, tunayesoma naye darasa moja, akiisikia habari hii atachukua simu na baada ya dakika moja ataona jeneza la Cousteau ndani ya Notre-Dame. Kuanzia hapo hatatilia shaka habari ya Cousteau peke yake. Atatilia shaka kila tulichomwambia, pamoja na yale yaliyo kweli tupu. Na yule aliyesilimu juzi akaijenga imani yake juu ya kisa hiki, siku kisa kikianguka, tutamwambia nini?

Ninapendekeza jambo jepesi kwa jumuiya yetu. Anayeandaa mhadhara au bango, na akataka kutaja mtu mashuhuri aliyesilimu, alete kwanza jina la chanzo, tarehe na mahali. Akikosa, aliache jina hilo. Waliosilimu kwa ushahidi wa wazi ni wengi na wanatutosha. Kwa Cousteau tuseme yaliyo yake: alinyimwa anga akaitafuta bahari, alikikataa kifaa kilichofanya kazi katika hali moja tu mpaka kikafanya kazi katika hali zote, aliharibu kisha akatetea, alikufa katika dini ya wazazi wake. Hesabu yake iko kwa Mola wake.

Sisi wa maziwa makuu tunaishi kando ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, na asilimia kubwa ya samaki wake haipatikani popote pengine duniani. Ikiwa miongoni mwa wasomaji wa makala hii atatokea mmoja atakayejifunza kuzamia ili alisome ziwa hilo, akachagua regyuleta yake kwa kipimo na si kwa sifa, nitakuwa nimepata zaidi ya nilichotarajia.

Allah atupe elimu yenye manufaa na ndimi zinazosema kweli. Wallahu a'lam.